Mama Umekula Anaondoka Dirishani na Mkono Mzima

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dirisha la dawa la hospitali yetu, mfamasia wetu, ambaye mji mzima unamwita Mama Umekula, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Jina hilo alijipatia mwenyewe. Hakuna aliyewahi kupokea kidonge kutoka kwake bila kuulizwa kwanza kama ametia kitu tumboni, hata daktari mkuu siku aliyokuja na homa na haraka zake.

Alianza kama msaidizi wa kuhesabu vidonge, akasoma jioni baada ya kazi, akafaulu, akarudi dirishani palepale. Ndiye aliyeanza kuandika maelekezo ya dawa kwa herufi kubwa ili wazee wasome bila miwani, na malalamiko ya watu kukosea dozi yakapungua.

Mwaka jana kiwiko chake cha kulia kilianza kuuma kwa kufungua makopo ya dawa kutwa nzima. Daktari akasema ni ugonjwa wa wacheza tenisi. Mama wa watu hajawahi kushika raketi, labda ile ya kuulia mbu! Aliandikiwa vidonge vya kutuliza uvimbe na kuambiwa aupumzishe mkono. Hakuupumzisha, maana aliogopa kuhamishiwa masjala kabla ya kumaliza utumishi wake dirishani. Na vidonge, jamani, alivimeza kila asubuhi kwa maji matupu, foleni ikimsubiri.

Mganga hajigangi. Wiki ya tatu alianguka, vidonda vya tumbo vikivuja damu. Mimi mtunza stoo nililia, sioni haya kusema. Daktari alimwachisha vile vidonge, akamtibu tumbo, kisha akampa dawa ya kupaka kiwikoni, mkanda wa kukaza mkono na likizo ya wiki sita. Aliporudi, habari zilikuwa zimeshaenea, na foleni nzima ilimuuliza, mmoja baada ya mwingine, kama amekula. Akawajibu wote kwa adabu. Makopo tukawa tunamfungulia sisi, na dirisha hakunyang'anywa.

Juzi alipita ofisi kwa ofisi kuaga. Zamu yangu ilipofika aliubana mkono wangu kwa mkono wake uleule wa kulia akautikisa, hadi mimi ndiye niliyeomba kuachiliwa. Vidole viliniuma asubuhi nzima, na sijawahi kufurahia maumivu kama hayo.

Asante, dada yetu. Nenda ukapumzike salama, na siku zako zote ziwe za heri.