Mjomba Kamba Anazima Kompyuta Yake

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika hospitali hii, Mjomba Kamba, karani wetu wa lishe, anastaafu tarehe 30 Juni. Nimepewa kuandika wasifu huu kwa sababu tumekaa meza moja, na kwa sababu humu ndani hakuna anayeniweza kwa kalamu. Anayebisha alete wake.

Alianza enzi za kubeba karatasi za wodi hadi jikoni kwa miguu. Kompyuta zilipoletwa, wenzake walizifunika vitambaa. Yeye akayaunganisha mafaili ya wodi na ya jikoni, kama aliyeyafunga kamba. Muuguzi akiandika wodini kwamba mgonjwa asile chumvi, faili la jikoni nalo linabadilika. Kamba hizo hazionekani, ila jina limemganda.

Sasa tumseme kidogo, asije akaondoka na kiburi. Faili mama, ambamo mengine yote huchota, alilihifadhi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Alipokwenda kumwoza binti yake, aliizima kistaarabu, akaondoka. Jikoni hesabu zikabaki za jana. Tukampikia babu aliyekwisha kwenda zake nyumbani, na mama aliyetoka kujifungua akaulizwa kama kweli amelazwa hapa. Mpishi mkuu, dada asiyemung'unya maneno, alimpigia simu bibi harusi mwenyewe: yeye abaki ukumbini na mumewe, baba arudishwe kazini. Mjomba alikuja na suti ya harusi.

Ndiyo maana kustaafu kwake kulitutia homa. Akiondoka, nani atamlinda mgonjwa wa sukari asiletewe sahani ya mwingine? Wiki zake za mwisho amezimaliza akilihamishia faili mama kwenye seva ya hospitali, kompyuta kuu isiyozimwa, akielekeza kila kamba upya, huku akimfundisha mpishi mkuu. Dada alilalamika kwamba vidole vyake vimezoea mwiko. Mjomba akamwambia ashike tu, kipanya hakiunguzi.

Jana akaizima kompyuta yake makusudi, akasimama mlango wa jiko, mikono nyuma. Wodi ya watoto ikaandika mgonjwa mpya, chakula laini. Kwa mpishi mkuu namba ikabadilika, sahani ikaongezwa, kazi ikaendelea. Hakuna aliyemwita Mjomba. Akabaki pale kama mzazi aliyemfikisha mtoto shule, na mtoto akaingia darasani bila kugeuka. Akapangusa macho, akasingizia moshi. Jiko letu ni la umeme, lakini dada alimvutia kiti.

Asante, Mjomba. Mtoto yule wa wodini alikula alichoandikiwa. Kapumzike na wajukuu, afya ikufuate na usingizi ukunogee. Simu yetu ikilia, pokea bila wasiwasi: tutakuwa tunakusalimia tu.