Matone Makali na Vijiti Vitatu

Benchi la madereva wa teksi, nyuma ya stesheni ya Toyama, Japani, limebanwa kati ya kliniki ya macho na mashine ya kahawa ya kopo, na anayekaa hapo asubuhi ya theluji hupewa ushauri hata kama hajauliza. Siku hiyo mwenye shida alikuwa Ujihara. Wenzake walimpachika jina la Baridi, maana hajawahi kununua dawa ya macho isiyochoma kama barafu. Wiki iliyopita alishindwa kipimo cha vijiti vitatu, kile ambamo kijiti cha katikati husogea mbele na nyuma, na dereva hubonyeza kitufe kijiti hicho kinapolingana na vile viwili vya pembeni. Yeye aliona vijiti vinne. Kesho anarudia, na akishindwa tena leseni ya kubeba abiria ndiyo basi. Hofu ilikuwa imemjaa, ila hakutaka benchi lijue.

Aliinua kidevu, akadondosha tone kila jicho, akapepesa kope harakaharaka kama wafanyavyo watu wengi wa pale. Dawa ikamtiririka hadi kwenye masharubu.

— Hii ndiyo dawa, alisema. Imefika mpaka kwenye ubongo.

— Imefika kwenye masharubu, Baridi. Ukipepesa hivyo unaitoa yote. Fumba macho, tulia.

Huyo alikuwa Breki, dereva mwanamke wa teksi ya pili kwenye foleni, ambaye hajawahi kugonga hata paka na hakuachi usahau.

— Nikifumba nitajuaje kama inafanya kazi?

— Kwani kazi yake ni kukuchoma?

— Isipochoma ni maji tu.

Wa tatu benchini alicheka. Mzee Mizuhashi waliyemwita Sanduku hana teksi. Ujana wake wote alizunguka vijijini akiacha masanduku ya dawa majumbani, watu watumie kwanza, naye arudi baadaye kujaza kilichopungua. Sasa amestaafu, anakuja kwa ajili ya kahawa na ubishi.

— Huo ubaridi ni wa mnanaa, alisema. Hautibu kitu. Kinacholinda jicho ni ute, asidi ya hialuroniki. Inashika maji, haiyaachii. Jicho likiwa kavu, kila ukipepesa kope inakwangua. Ute ukiwepo kope inateleza, na ile mikwaruzo inapata nafasi ya kupona.

— Hapo umesema, mzee, alisema Breki.

— Sijamaliza. Yale matone ya pinki, ile rangi ni vitamini. Inanyoosha msuli wa ndani ya jicho. Mteja wangu mmoja kule milimani aliyatumia msimu mmoja tu, akawa anasoma bei ya samaki akiwa ng'ambo ya mto.

— Sasa unatupiga kamba.

— Na yale yenye gegedu la papa, ule mfupa wake laini, je? Papa anakaa macho wazi baharini maisha yake yote. Umewahi kumwona akiyasugua?

Ujihara hakuwahi kumwona papa akisugua macho, na hoja hiyo ikamwingia.

— Sikiliza, Baridi, alisema Breki. Mimi natumia vile vichupa vya kukata shingo, unatia mara moja unatupa. Havijawekwa dawa ya kuzuia kuharibika. Wewe unatia kutwa nzima, hiyo dawa ya kuzuia nayo inakukera jicho. Ukilala na changu usiku mmoja, asubuhi unaona ya nyuma bila kioo.

— Na mimi ndiye napiga kamba? aliuliza Sanduku.

Ujihara alisimama. Alijisikia kama ameshapona.

— Nimeelewa. Tone la papa jicho la kushoto, la pinki jicho la kulia, halafu kali langu juu yake, kufungia. Kesho kile kijiti kitakuja chenyewe.

Walimpigia makofi. Nyuma yao alikuwa amesimama bibi mmoja aliyetoka kliniki, jicho moja limefunikwa pamba, majani ya kitunguu yamechomoza mfukoni mwake. Alikuwa akingoja teksi, na kusikiliza.

— Samahani, baba, alimwambia Ujihara. Kwani machozi yako mwenyewe yamekwenda wapi?

Sanduku alifungua mdomo, kisha akautia kahawa.

— Ni umri, bibi, alisema Breki, ila bila nguvu.

— Mimi nimempita mbali, na yangu bado yapo.

Ujihara alirudisha kichupa chake mfukoni. Muda wote huu alikuwa akiuliza atie nini, si kwa nini macho yamekauka. Safari hii hakujisumbua kuificha ile hofu.

— Breki, mchukue bibi.

— Zamu yako hiyo. Umeingoja tangu alfajiri.

— Najua. Mchukue.

Alikung'uta theluji kwenye viatu, akausukuma mlango wa kliniki. Dada wa mapokezi alimjua vizuri, kama alivyowajua madereva wote wanaomshushia wagonjwa mlangoni. Alichungulia nyuma ya mgongo wake.

— Karibu, Bwana Ujihara. Leo umemleta nani?

Ujihara alivua kofia.

— Nimejileta mwenyewe.