Wasifu wa Mama Ustawi, Aliyeyafunga Makao Yaliyomlea

Marehemu, tuliyemzoea sote kwa jina la Mama Ustawi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama dobi. Baba alifariki wakati mtoto wa pili, mdogo wake marehemu wa kiume, akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Mama alifua nguo za watu uani na kuzipiga pasi ya mkaa katika chumba chao kimoja. Marehemu alipenda kusema, "Maskini tulikuwa. Wachafu, hata siku moja."

Mwaka 1970 mama alilazwa kwa ugonjwa wa kifua, na watoto wakapelekwa kwenye makao ya watoto, eti kwa muda tu. Alipopona alikwenda kuwachukua. Mkurugenzi alimpokea mlangoni, hakumkaribisha ndani.

"Huna uwezo, mama. Rudi kwako. Hawa sasa ni watoto wetu."

Marehemu aliyasikia hayo akiwa dirishani. Mama alirudi tena na tena, akajibiwa vilevile. Kisha yule mdogo akatolewa kwa familia ya mbali bila mama kuulizwa. Mama alifariki mwaka 1974, hajui mwanawe yuko wapi. Marehemu hakulia. Alikula kiapo.

Shuleni alisoma kama anayenoa kisu. Alipojiunga na chuo cha ustawi wa jamii, mwalimu aliwauliza wanafunzi kilichowaleta. Wenzake walitaja wito na huruma. Yeye akasema, "Kuna mtu nataka kumrudia." Darasa likacheka, naye akaliacha licheke.

Aliajiriwa mwaka 1984, na hakutulia mpaka alipopangiwa kitengo cha kukagua makao. Mume wake, seremala, alimpata hapo hapo ofisini mwaka 1988, alipoitwa kurekebisha mlango uliokuwa ukikwama na kuwafungia nje akina mama. Marehemu akamwambia aung'oe kabisa.

"Dada, nimeitwa kutengeneza, si kuharibu."

"Basi uharibu vizuri."

Aliuharibu vizuri, wakaoana mwaka huohuo, wakajaliwa mabinti wawili. Mapishi aliyafanya mume, na nyumba nzima ilishukuru.

Kazini alimvalia njuga mkurugenzi yule. Alipita nyumba kwa nyumba, akagundua kwamba wengi wa wale walioitwa yatima walikuwa na mama, bibi au shangazi, waliofukuzwa mlangoni kama alivyofukuzwa mama yake. Aliwaleta mahakamani, wakasema wenyewe. Siku hiyo, kwenye korido, mkurugenzi alimsogelea.

"Binti yangu, si mimi niliyekulea?"

"Ni wewe. Ndiyo maana nakujua."

Makao yalifungwa mwaka 1994. Marehemu alisimama getini mpaka mtoto wa mwisho alipoondoka ameshikwa mkono na mtu wake. Baada ya hapo aliwasumbua wakubwa mpaka utaratibu ukabadilika: mama akiugua, familia isaidiwe kwanza, dawa zipatikane, watoto waendelee na shule, atafutwe ndugu au jirani wa kukaa nao palepale nyumbani. Umaskini peke yake usiwe tena sababu ya kumnyang'anya mzazi mtoto wake. Watu walipomsifu kwa huruma yake, aliwakatiza. "Huruma mnaisema nyinyi. Mimi nilikuwa namkomesha."

Mwaka 1997 alimpata mdogo wake, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mzima mwenye jina jingine. Mdogo huyo alimpokea kwa upole, lakini mama yao hata sura yake hakuikumbuka. Kinyongo kilichokuwa kimeanza kupoa kikawaka upya. Hivyo mkurugenzi yule, sasa mzee, alipokuja kuomba kibali cha kufungua makao mengine, marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu taratibu, "Huna uwezo, mzee. Rudi kwako." Mume wake anasema jioni ile alikula akaongeza.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Marehemu akiwa wodini, mzee yule alimtuma mpwa wake kuomba wasameheane.

"Mwambie nimemsikia," marehemu alisema.

"Na jibu, mama?"

"Ndilo hilo."

Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2023, mume wake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, mdogo wake, na watoto wengi waliokulia mikononi mwa mama zao kwa sababu yake. Mzee yule amefika leo na ameomba kusema machache. Marehemu aliacha maagizo: kiti apewe, kipaza sauti asipewe.

Mama Ustawi apumzike kwa amani. Sisi tuliobaki hatujasahau.