Mzee Nzima, Fundi Mizani, na Mashine Aliyoifungua

Baba tunayemzika leo alizaliwa Jumapili tarehe 9 Machi 1952, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa mpiga kengele wa stesheni. Bibi alikuwa akisema mtoto alitoka wakati treni ya saa tatu asubuhi inaingia. Kwa kuwa treni hiyo ilichelewa kila siku ya Mungu, saa yake ya kuzaliwa haikujulikana kamwe. Wote walicheka isipokuwa yeye, maana alipenda vitu vilivyopimwa.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, kuanzia 1960 hadi 1966. Akiwa darasa la tano alimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba rula ya darasa ni fupi. Alichapwa viboko viwili, kisha rula ikapimwa, na kesho yake ikaletwa nyingine. Ripoti ya mwaka ule ilisema: "Hesabu nzuri sana. Mkweli kupita kiasi."

Januari 1970 alianza kujifunza kazi kwa fundi mizani, na mwaka 1978 akafungua karakana yake mwenyewe, chumba chenye dirisha moja kati ya duka la vioo na kinyozi. Alitengeneza mizani za maduka, za posta na za kliniki za watoto. Kila aliyoimaliza aliibandika kikaratasi chenye tarehe na neno moja, NZIMA. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Nzima, hata wale waliomkwepa. Siku moja mwenye bucha alimjia analalamika, "Mzee, hii mizani inaniaibisha mbele ya wateja." Akamjibu bila kuinua macho, "Haikuaibishi. Inakutaja tu." Kanuni yake ilikuwa moja, na wanawe waliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu: kipimo kikikushangaza, kagua chombo kwanza, ndipo umlaumu mtu.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimuoa karani wa posta, ambaye yuko nasi hapa. Baba alikuwa ameitwa posta kutengeneza mizani ya vifurushi. Akaitengeneza, kisha akarudi mara tatu kusema bado ina kasoro. Ndiyo mara pekee maishani mwake alipoita mizani nzima mbovu. "Nilijua," Mama husema. "Nikamwacha ahangaike kidogo." Walijaliwa watoto wawili, wa kiume na wa kike.

Hapa nakala ya kwanza ya wasifu huu ilisema: "Aliugua ghafla." Maneno hayo yaliandikwa na mwanawe wa kwanza, ambaye ndiye anayewasomea sasa. Juzi alimweleza Mama yote yatakayofuata. Mama akachukua kalamu, akayakata kwa mstari maneno yale mawili. "Andika ilivyokuwa," alisema. "Utasoma wewe, au nisome mimi?"

Ilikuwa hivi. Jumamosi tarehe 31 Agosti mwaka huu, saa tano asubuhi, mwana huyo alikuwa akiendesha gari, baba yake kiti cha mbele. Simu ililia, akaitazama. Dada yake, mshonaji, alikuwa amemkanya juu ya simu ile mpaka akachoka. Alipoinua macho, lori lilikuwa limesimama mbele yao kwenye makutano. Taa zilivunjika, boneti ikakunjamana. Baba hakutokwa na hata tone la damu, mkanda ulimshika. Alikaa ameduwaa, mikono juu ya magoti.

"Baba, tusimwambie Mama," mwana alisema. "Tutampandisha presha bure."

Baba akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyefikiria presha ya nani.

Tangu siku hiyo Mzee Nzima hakupanda gari tena kwa hiari yake. Alikwenda karakana kwa miguu, akaambia watu ananyoosha viungo. Breki zikilia barabarani, bisibisi ilimtoka mkononi. Shingo ilimuuma, usingizi ukamhama. Mwana alimnunulia vidonge vya maumivu bila kumuuliza mtu yeyote, akamwambia ameze viwili asubuhi na viwili jioni. Baba alivificha ndani ya mfuko wa miwani ili Mama asivione. Alivimeza wiki sita.

Nyumbani kulikuwa na mashine ya kupimia presha, ambayo binti aliwaletea wazazi. Miaka yote Baba alikuwa 128 kwa 80. Wiki ya kwanza ya Septemba ilionyesha 168 kwa 98, kisha 176 kwa 102. Mama alishtuka. Mwana aliona mambo yanaelekea kufichuka, akatafuta pa kujificha, akapata maficho ndani ya maneno ya baba yake mwenyewe.

"Baba, si wewe uliyetufundisha? Kipimo kikikushangaza, kagua chombo kwanza."

Mzee Nzima alimtazama. Kisha akafanya alichofanya maisha yake yote: akaibeba mashine mpaka karakana, akaifungua na kupanga vipande vyake juu ya kitambaa cheupe.

Tarehe 16 Septemba baba na mwana walikwenda kwa daktari. Huko nako presha ilikuwa juu. Daktari aliuliza, "Mzee, kuna jambo limekupata karibuni? Ajali, kishindo chochote? Kuna dawa unazotumia?" Kabla Baba hajafungua mdomo, mwanawe alijibu, "Hapana, daktari. Ni uzee tu." Daktari akasema apimwe nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki mbili, arudi na karatasi. Apimwe na nini? Mashine ilikuwa vipande.

Walipotoka, Baba alisimama kwenye ngazi. Hakugomba. Alisema, "Siku utakayokuwa tayari, tutarudi."

Mwana hakuwa tayari wiki ile, wala iliyofuata. Kila akimwona mzee anapita na fimbo kandokando ya ukuta, alijiambia kesho. Aibu aliiona, na bado aliona afadhali kuibeba kuliko kuitua mbele ya watu.

Jumanne tarehe 15 Oktoba asubuhi, kinyozi alimkuta Mzee Nzima amelala kando ya meza yake ya kazi, hawezi kusema. Kilikuwa kiharusi. Hospitalini ndipo mwana alipozungumza. Daktari yule yule alimsikiliza mpaka mwisho. "Hofu ya ajali," alisema, "maumivu, kukosa usingizi, na vidonge vya aina hiyo. Kila kimoja kinaweza kupandisha presha. Siwezi kukuapia kwamba angepona. Ila ningejua, nisingemwambia aende akapime nyumbani." Baba alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Mama amemshika mkono.

Mama alikwenda karakana kuchukua miwani yake. Ndani ya saraka ya meza aliikuta mashine ya presha, imefungwa vizuri, skrubu zote mahali pake. Imebandikwa kikaratasi: NZIMA, 12 Oktoba 2024. Nyuma ya kikaratasi ameandika kwa penseli, 186 kwa 108. Alikuwa amekagua chombo, akapata jibu, na kwa siku tatu alizobakiza hakumtaja mtu. Aliyemtaja hata mwenye bucha alimstahi mwanawe, na mwanawe alimwacha afanye hivyo. Anaona haya mbele ya kila mmoja aliyesimama hapa, na zaidi mbele ya jeneza hili.

Marehemu ameacha mjane, aliyeishi naye miaka arobaini na saba na miezi kumi, binti mmoja, mshonaji, wajukuu wanne, na mwana mmoja, aliyekuwa akiendesha.

Mungu ampokee Mzee Nzima na kumpumzisha kwa amani. Kazi yake aliimaliza, na tarehe aliiandika.