Beseni la Bibi

"Maji yanakuunguza, mwana wange?"

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Bibi yangu aliniuliza hivyo kule kwetu Bweranyange. Miguu yangu ilikuwa ndani ya beseni na sikuhisi moto wala baridi. Nikaona aibu. Nikasema, "Hapana, Bibi. Yako sawa."

Nina kisukari tangu kidato cha pili. Chuoni nilikuwa naruka sindano, nikidhani kuujua ugonjwa ni sawa na kuutibu. Nikarudi nyumbani na shahada, magoti yanayovimba na kupoa na kuvimba tena, na nyayo zilizokufa ganzi. Mliniombea, kweli. Wengine mkaniuliza nimetenda dhambi gani. Hilo sijalisahau, na leo sitajifanya nimelisahau.

Bibi hakuuliza dhambi. Kwake maumivu ya viungo ni baridi, na baridi hutolewa kwa moto. Alichemsha majani, akajaza beseni. Nyumbani kwake mkubwa hutangulia, kwa hiyo akatumbukiza miguu yake kwanza, akakaa kidogo, akaitoa.

"Tayari. Weka, msomi wangu, au mpaka uandikiwe barua?"

Nikacheka. Nikaweka.

Kesho yake nyayo zangu zilijaa malengelenge. Kidonda kimoja kikaoza. Hospitalini walizungumza mbele yangu habari za kuukata mguu, kama watu wanaopanga kukata mgomba. Nikamtuma shangazi kwa Bibi: "Mwambie ameniua." Bibi alijibu kwa kuniletea mkungu wa ndizi. Nikaurudisha. Ndugu zangu, mnajua kwetu kurudisha mkungu ni nini. Ni kumkana mtu.

Ukombozi wangu haukuja na kelele. Muuguzi mmoja aliniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa uzi mgumu.

"Sema ukihisi."

Nikamsubiri aanze.

"Nimeshagusa mara kumi, dada. Mishipa ya fahamu imeumia. Sasa tunajua pa kuanzia."

Nililia! Hakuna aliyewahi kunipa ukweli bila kuufunga ndani ya dhambi au majani.

Tukaanza. Sindano kwa saa yake. Vidonge vya mishipa, vidonge vya viungo. Nusu ya sahani mboga, maharage kiasi, na ndizi mbili ndogo mahali pa ule mlima niliozoea. Chai bila sukari, hata msibani, hata mkininong'ona. Kila asubuhi naweka kioo chini ya nyayo nitazame kama kuna jeraha.

Mguu ulibaki. Namshukuru Mungu! Ganzi haijatoka. Magoti bado huja kunitembelea, ila hayalali tena kwangu wiki nzima. Nimemuuliza Mungu kwa nini kaniponya nusu. Hajajibu. Namshukuru hivyo hivyo, na hasira yangu anaijua.

Wewe uliyeacha dawa ili uonekane una imani, mtumaini Mungu na umeze vidonge vyako. Vua viatu, mwonyeshe mtu nyayo zako. Usiseme "yako sawa" kwa aibu, kama mimi.

Bibi alifariki kabla sijaenda kumpa shikamoo. Majuzi tu, tukimenya ndizi, shangazi aliyeuosha mwili wake aliniambia alichokiona: nyayo zote mbili za Bibi zilikuwa na makovu ya moto, kama yangu. Aliungua katika beseni lile lile, na yeye pia hakuhisi kitu.