Kaptula ni Namba Ngapi?

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mkabala na geti la nyuma la shirika linalochapa vitabu vya chuo kikuu. Kila mchana hukaa hapo watu watatu, mwuza kahawa akiwahudumia. Wa kwanza ni Bunge, aliyeitwa hivyo kwa sababu hana hoja anayoiacha ipite bila kuichangia. Wa pili ni Spana, mwenzake wa kiwanda cha saruji, fundi mitambo mpaka kifua kilipomkataa. Wa tatu ni Nukta, msahihishaji wa shirika, mwaka wa ishirini na sita sasa akiwinda herufi zilizopotea njia. Kule mwisho wa ubao hakai mtu. Palikuwa pa Kaptula, mpakiaji wa mifuko ya saruji, aliyevaa kaptula hata harusini. Walimzika miezi minne iliyopita.

Siku hiyo karatasi ilichungulia kwenye mfuko wa shati la Nukta. Hakuwa na nia ya kuitoa. Bunge aliichomoa mwenyewe.

— “Vitabu Vipya vya Kitaaluma,” Bunge akasoma kwa sauti ya mtangazaji. “Mabadiliko ya Viambishi katika Lugha za Mpakani.” Hiki cha nani tena?

— Cha wenye viambishi, akasema Spana. Endelea.

— “Vumbi na Pumzi: Maisha ya Wafanyakazi wa Saruji. Utafiti wa miaka tisa.” Jamani, si sisi hawa? Si yule mama aliyekuwa anakaa hapa na kinasa sauti chake?

— Ndiye, akasema Nukta.

— Miaka tisa! Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nani kapona hapa? Spana akamkata. Nukta, majina yetu yamo?

Nukta akapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Hayamo. Kuna namba. Mhojiwa wa kwanza, wa pili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Bunge akajiweka sawa kwenye ubao. Hoja ilikuwa imefika mezani.

— Kaogopa wenye kiwanda huyo. Mficha uchi hazai.

— Katuficha sisi, hakujificha yeye, akasema Spana. Jina lake si lipo hapo, kubwa kama tangazo la sabuni?

— Basi ni namba za mahakamani. Kesi ikiiva wataita: namba nne, simama.

— Asimame nani? Nusu yao wamelala makaburini.

— Ndiyo hapo sasa. Bunge akashusha sauti. Nimeshaelewa. Hiyo ni foleni. Wametupima vifua wakatupanga. Namba moja ndiye wa kwanza kwenda, na wengine nyuma yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwuza kahawa akacheka. Spana naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akainama mpaka kofia ikadondoka. Walimngoja. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

— Mimi wa ngapi, Nukta?

— Acheni hayo. Ni utaratibu wa chuo tu, kuwalinda watu.

— Kutulinda na nini?

Nukta akainua macho. Alishukuru moyoni kuona mtu anavuka barabara kuja upande wao, mpaka alipomtambua. Alikuwa binti wa Kaptula, kitinda mimba, mshonaji wa sare za shule. Uzi mweupe ulikuwa umeng’ang’ania mkono wa gauni lake, na kwapani alibana kitabu kipya.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu, akaitikia Spana. Mama hajambo?

— Hajambo kidogo. Yule mtafiti ametuletea hiki. Nimekisoma chote, nikarudia. Mama hajui kusoma, na kila jioni ananiambia, nisomee maneno ya baba yako. Sijui nimsomee yapi. Nyie mlikuwa naye. Baba ni namba ngapi?

Bunge akamtazama Spana. Spana akaokota kofia yake, akaikung’uta ingawa haikuwa na kitu.

— Msomee yoyote, Bunge akasema, safari hii kwa upole. Sote tulisema yale yale.

— Baba hakusema kama wengine. Ningemjua.

Nukta aliweka kikombe chini. Angeweza kunyamaza, hapakuwa na mwingine aliyejua. Lakini katika nakala ya kwanza aliyopewa kusahihisha alikuwa amemkuta Kaptula, kurasa mbili nzima, akamjua kabla hajamaliza mstari wa tatu. Ni yeye tu aliyesimulia jinsi daktari wa kiwanda alivyowaambia vumbi la saruji ni kama unga, kunyweni maziwa litateremka. Ni yeye tu aliyehesabu, mmoja mmoja, walioyanywa maziwa hayo wakafa. Nakala ya pili ilipokuja, kurasa zile hazikuwamo. Na Kaptula alikuwa bado hai wodini, akimwuliza kila alipokwenda kumwona: “Kitabu changu kimefika wapi?” Nukta akimjibu: “Kiko jikoni, ndugu yangu, kinaiva.”

— Hamna namba yake, mwanangu, akasema. Alikuwamo. Walimtoa.

Binti hakupandisha sauti.

— Nani alimtoa?

— Ofisi yetu. Mwanasheria alisema maneno yake yanamgusa daktari anayejulikana, kiwanda kitashtaki. Ikaandikwa sura ipunguzwe.

— Mtafiti alikubali?

— Alitia saini. Kitabu kilikuwa kimemchukua miaka tisa.

— Na wewe ulijua.

— Niliuliza. Niliandika kwa penseli pembeni ya karatasi: huyu yuko wapi? Ikarudi na jibu: acha hivyo.

Spana alikuwa amegeuza uso. Bunge akaikunja ile karatasi, akairudisha mfukoni mwa Nukta.

— Na wewe ukaacha? binti akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, apate la kumwambia mama yake jioni. Nukta akapapasa penseli yake mfukoni. Binti akasubiri, amesimama, kitabu kifuani, kwa subira ya mtu aliyekesha miezi mingi kando ya kitanda akingoja pumzi ya mgonjwa irudi.