Mama Funguo na Alama za Chaki

Wanaoujua ukweli wanajua kwamba kanisa hili lina nguzo tatu: msingi, paa na mimi. Lakini leo si zamu yangu. Leo ni zamu ya Mama Funguo, mtunza jengo letu, anayestaafu Ijumaa hii tarehe thelathini baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi. Miaka kumi na minne ya mwisho nilikuwa msaidizi wake, ingawa wengi wakituona pamoja walidhani msaidizi ni yeye.

Kwa asiyejua, hapa sharika mbili husali chini ya paa moja. Wa asubuhi hutaka mabenchi kwa mistari, yaelekee madhabahu. Wa mchana huyataka kwa nusu duara, yaelekee ukuta wa pembeni, watu waonane nyuso. Kati ya ibada hizo kuna nusu saa. Katika nusu saa hiyo Mama Funguo aligeuza mabenchi arobaini na manne, akabadili kitambaa cha meza, akafunga kabati moja la vitabu na kufungua jingine, na bado akapata nafasi ya kuniuliza nilikuwa wapi. Nilikuwa nasimamia.

Siri yake ilikuwa chaki. Kila mguu wa benchi ulikuwa na alama yake sakafuni, nyeupe kwa wa asubuhi, buluu kwa wa mchana. Kila usharika ukiingia ulijiona uko kwake, tena ukaapa kwamba Mama Funguo ni muumini wa upande wake. Hadi leo watu wanabishana. Mimi mwenyewe nikilifikiria sana, kichwa kinazunguka.

Kisha ikaja ile Jumapili, miaka tisa iliyopita. Tulikuwa na ibada ya pamoja, na baada yake wazee wapige kura: mkataba wa kutumia jengo pamoja uendelee, au wa mchana watafute pa kwenda. Maneno yalikuwa mengi. Wa asubuhi walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wa mchana wakajibu kwamba jembe wamelishika mwaka wa kumi na moja sasa, na bado wanaitwa wageni.

Mama Funguo alipofungua mlango, sakafu iling'aa kama sahani. Alama hakuna, si nyeupe wala buluu. Waliojitolea kusaidia wakapanga mabenchi kila mtu kwa alivyozoea. Watu wakajikuta wameketi migongo kwa migongo. Mzee mmoja wa heshima zake alitazamana na mgongo wa kinanda. Mhubiri hakujua aelekee wapi, akawa anazunguka kama feni. Manung'uniko yakaanza, kila upande ukisema wenzao wamefanya makusudi.

Mama Funguo hakutafuta mchawi. Aliketi benchi la katikati, pale migongo inapokutana, akaanzisha wimbo ambao pande zote wanaujua kwa moyo. Sasa, kuimba na mtu aliye nyuma yako, sharti ugeuke. Wakageuka. Magoti yakagongana, kicheko kikaanza, na kura haikupigwa tena. Mkataba ulitiwa sahihi palepale juu ya benchi. Nimesimulia mara nyingi kwamba wazo la wimbo lilikuwa langu. Nadhani lilikuwa langu. Nilikuwa karibu.

Jumatatu alipiga magoti akachora alama zote upya, na hakumuuliza mtu yeyote nani aliosha sakafu.

Mama Funguo, sharika zote mbili zinakushukuru. Magoti yako yapate raha, chai yako isipoe ukisubiri ibada iishe, na benchi utakalokalia sasa aligeuze mwingine.

Juzi, katika makabidhiano, alinipa funguo zake kumi na tisa pamoja na makopo mawili ya rangi ya mafuta, nyeupe na buluu, ile isiyotoka hata ukisugua kwa sabuni ya unga. Kisha akanitazama. Basi na niseme: sakafu ile niliiosha mimi, Jumamosi jioni, ili wazee wanisifu.